Maiki ya Lori la Asali

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, ni Alhamisi moja ya mvua kule Majimoto, siku niliyowaunganisha watu wa kwetu na mji wa Mpanda kwa vipande vya spoku za baiskeli na nta ya nyuki. Wapo watakaokwambia naongeza chumvi. Waache. Wengi wao walikuwa hawajazaliwa, na waliokuwepo walikula wali wa harusi iliyopona kwa kazi ya mikono yangu hii.

Nakusimulia wewe, mtoto wa jirani yangu, kwa sababu umerudi nyumbani juzi na cheti chako, na nimeona unavyokunja uso ukitazama vitu vyetu. Sikulaumu. Nilirudi hivyohivyo.

Wakati huo, miaka ya tisini, nilikuwa na diploma ya ufundi wa elektroniki kutoka Dar es Salaam. Kata nzima hakukuwa na mwingine. Sisemi hivi kwa kujisifu, nasema kwa sababu ni kweli. Na hiyo diploma sikupewa na mjomba. Nilibeba magunia ya viazi Kariakoo alfajiri, nikaingia darasani asubuhi shati likiwa bado limelowa jasho, na bado nikawapita watoto wa wakubwa kwenye mtihani wa vitendo. Pale chuoni nikajiunga na klabu ya redio za ridhaa, wale watu wanaofunga waya wa antena juu ya paa wakaongea na nchi za mbali kwa mapenzi tu, bila mshahara. Wenzangu waliona ni mchezo. Mimi niliona ni kipaji changu kimepata nyumba.

Basi nikarudi. Treni mpaka Mpanda, kisha lori la mahindi mpaka Majimoto, nikiwa na suruali ya kitambaa yenye mkunjo, sanduku la vifaa na mita ya kupimia umeme ambayo sikumruhusu mtu aishike. Mkoa wa Katavi ulikuwa bado, tulihesabiwa Rukwa. Simu za mkononi tulizisikia kama hadithi. Mvua zikishika, Mto Kavuu ukijaa, Majimoto inabaki peke yake kama kisiwa, na kitu pekee kilichotuunganisha na watu wengine kilikuwa redio kol ya kigango, ile unayobonyeza kitufe kusema na kuachia kusikiliza.

Redio hiyo iliachwa na mgeni mmoja wa misheni ambaye naye alikuwa mtu wa redio za ridhaa. Ilikaa chumba kidogo nyuma ya kanisa, ikila umeme wa betri ya gari, betri ikilishwa na sola. Mtunzaji wake alikuwa Mzee Gervas, katekista wetu, mtu mrefu, mpole, aliyetufundisha sote ishara ya msalaba na ambaye sauti yake hukuisikia ikipanda hata kwenye msiba. Kila asubuhi na kila saa kumi jioni, Mpanda waliita vituo kimoja kimoja, na kila kituo kikajibu habari zake. Nani mgonjwa, nani anahitaji dawa, daraja gani limeondoka. Usipojibu, wanaruka kwenda kwa mwenzio.

Sasa wiki ile dada yangu Skola, anayenifuata kuzaliwa, alikuwa aolewe. Mchumba wake Deus alikuwa kijana wa mpunga wa hapo hapo, mchapakazi, mwenye aibu kuliko bibi harusi. Ndoa ilipangwa Jumamosi, na Jumatano iliyofuata ndiyo ilikuwa Jumatano ya Majivu. Wewe Mkatoliki unajua maana yake. Ikishaingia Kwaresima, kwetu hakuna shamrashamra za ndoa mpaka Pasaka ipite. Na mama alishaivisha pombe. Ile ya mahindi na ulezi ina siku yake ya kunywewa, ikipita unamwagia mbuzi, na mbuzi mwenyewe anakuangalia. Watu wa Deus walishaelekeza mawazo yao yote kwenye ile Jumamosi. Skola alishasuka nywele.

Kilichobaki ni padri. Naye alikuwa Mpanda, ana Jumamosi moja na sehemu mbili zinazomtaka, sisi na Inyonga. Alikuwa amesema wazi: aambiwe Alhamisi kama barabara ya Majimoto inapitika. Asipoambiwa, ataelekea Inyonga, maana hawezi kukwama porini na Inyonga wamkose na sisi tumkose.

Usiku wa kuamkia hiyo Alhamisi bati la chumba cha redio likavuja, na tone likachagua kuangukia maiki.

Asubuhi Mzee Gervas alinitumia mtu mbio. Nikaenda na sanduku langu, Skola nyuma yangu na kitenge chake cha kujifunikia mvua. Tulipofika, redio ilikuwa inanguruma vizuri tu, ule mvumo wake wa kawaida kama mafuta yanayokaanga vitumbua kwa mbali. Tukamsikia padri mwenyewe, kabisa kabisa, utafikiri yuko nyuma ya mlango.

"Majimoto, Majimoto, mnanipata? Nauliza barabara."

Mzee Gervas akabonyeza maiki, akasema, "Tunakupata padri, barabara ina njia." Akaachia. Padri akaita tena vilevile, kama vile hakuna mtu aliyesema. Akaita mara ya tatu. Skola akaisogelea redio, akaiambia kwa sauti ndogo, "Tupo." Nilimwonea huruma dada yangu. Hakuna kitu kinachouma kama kuitwa kwa jina lako, ukaitika, na anayekuita asisikie.

"Haya," padri akasema, "nitawajaribu tena saa kumi. Nikiwakosa, Inyonga mnitegemee."

Nikafungua maiki. Maji yalikuwa yameingia ndani kabisa. Kitufe chake kilikuwa kizima, waya mzima, lakini kile kidude kinachobeba sauti kilishaharibika, kimevimba kama mkate uliolowa. Nikapima kwa mita, nikapima tena ili watu waone. Nikatangaza, "Hii imekufa. Sio ya kutengenezwa, ni ya kubadilishwa."

"Ibadilishwe na ipi, mwanangu?" Mzee Gervas akauliza.

Hapo ndipo anapoingia Masanja. Masanja alikuwa dereva wa lori la ushirika wa asali wa Inyonga. Alifika siku iliyotangulia na madebe ya asali na mabonge ya nta, ashushe, apakie mchele arudi. Msukuma mnene, mcheshi, mdomo hauna likizo. Lori lake lilikuwa na redio kol yake ya kuongea na ofisi ya ushirika, lakini ilifungwa kwenye masafa ya ushirika peke yake, haikuweza kufika kwa mapadri hata kwa dawa. Maiki yake, hata hivyo, ilikuwa nzima na inang'aa.

Nikamfuata kwenye mashine ya mpunga, nikamweleza shida.

"Kumbe nyie watu wa mpunga mkitaka kuoa mpaka Msukuma awasaidie," akasema. "Si mngeniambia mapema nije na ng'ombe kabisa."

"Ng'ombe zako zimetumalizia majani, sasa tunataka maiki tu," nikamjibu.

"Chukua, fundi. Ila kesho narudi nayo Inyonga. Nikirudi na lori bila maiki, mwenyekiti atanikata mimi mwenyewe anichomeke kwenye redio."

Nikaichomoa, nikakimbia nayo. Na hapo, mwanangu, ndipo tatizo lenyewe lilipoanza. Plagi ya maiki ya kigango ilikuwa ya duara, nene, yenye matundu manane. Plagi ya maiki ya lori nayo ya duara, lakini nyembamba, ina matundu manne. Ni kama ufunguo na kufuli za nyumba mbili. Zote ni maiki, zote zinabeba sauti ya mtu, lakini moja haiingii kwa mwenzake.

Kwangu hilo lilikuwa jambo dogo. Nilikuwa nimefanya kazi kama hiyo klabuni nikiwa napiga mluzi. Unaikata plagi nyembamba, unaikata plagi nene kwenye ile maiki iliyokufa, unaunga waya kwa waya, basi. Nikatoa kisu, nikaunyoosha waya wa maiki ya Masanja juu ya meza. Mzee Gervas akaweka mkono wake juu ya mkono wangu. Hakuushika kwa nguvu, aliuweka tu.

"Boni, hii ni ya nani?"

"Ya Masanja, mzee. Nitamuungia tena kesho."

"Utamuungia na risasi ipi? Umesema mwenyewe risasi yako ya kulehemu inakaribia kuisha." Ni kweli nilisema. "Ukiikata, sisi tutasema leo, na Inyonga watanyamaza kesho. Huyu kijana atapita porini siku nzima na lori halina mdomo."

Nikaanza kumweleza habari za ufundi. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo.

"Mwanangu, tangu umerudi nakuangalia. Jiko la mama yako umesema libomolewe. Kisima umesema kifukiwe kichimbwe kingine. Deus umemwambia aache mpunga akajifunze udereva. Labda yote una haki, wewe umesoma, sisi hatukusoma. Lakini kila ukikuta kitu hakiingii kwako, unatoa kisu. Je, huko ulikosoma hawakuwafundisha kutengeneza kitu cha kukaa katikati?"

Nilikasirika, sikufichi. Nilitaka kumwambia kwamba huko nilikosoma walinifundisha mambo ambayo yeye hata majina yake hayajui. Lakini swali lake lilikuwa la kifundi, na mimi swali la kifundi sijawahi kuliacha barabarani. Kwa sababu ndiyo, walitufundisha. Kinaitwa kiunganishi. Upande mmoja kinaingia kwenye redio, upande mwingine kinapokea maiki ngeni, na hakuna mtu anayekatwa isipokuwa yule aliyekwisha kufa. Shida ni kwamba upande wa kupokea unahitaji soketi ya pini nne, na soketi hiyo ya karibu kabisa iko Dar es Salaam.

Nikakaa nikafikiri. Skola akaniuliza, "Kaka, inawezekana?" Nikamwambia, "Mimi ni nani?" Akacheka, mara ya kwanza tangu asubuhi.

Sasa sikiliza diploma inavyofanya kazi. Nikachungulia matundu manne ya ile plagi ya lori, nikaona upana wake. Nikajua nimeshauona upana ule mahali. Nikatoka nje, nikamwomba Mzee Gervas spoku moja ya baiskeli yake. Aliangalia baiskeli, akaniangalia mimi, akainamisha kichwa kukubali. Nikakata vipande vinne vifupi, nikavisugua kwa msasa mpaka vikang'aa, nikavisukuma kwenye yale matundu. Vikaingia vikakaza, kama vilitengenezwa kiwanda kimoja. Pini zikapatikana.

Baada ya hapo nikatafuta waya upi ni upi. Nikaweka mita kwenye matundu mawili mawili huku Skola akibonyeza na kuachia kitufe. Jozi inayobadilika akibonyeza, hiyo ni ya kitufe, ndiyo inayoiambia redio "sasa natuma". Jozi inayobaki ni ya sauti. Nikafanya hivyohivyo kwa ile maiki iliyokufa, maana kitufe chake kilikuwa hai na nyaya zake zilinionyesha njia. Ndipo nikaikata hiyo maiki mbovu, nikabaki na plagi nene na kipande cha waya kama mkia wa panya. Nikapasha chuma changu cha kulehemea kwenye jiko la mkaa la mama katekista, nikaunga sauti kwa sauti na kitufe kwa kitufe, kila waya kwenye spoku yake. Ndani ya plagi nene, waya mmoja wa kitufe ulikuwa unacheza, nikaudondoshea tone la risasi ukatulia.

Kilichobaki ni kuzishika zile pini zisigusane wala kutawanyika. Masanja alikuwa ameshamaliza kupakia mchele, amekuja kuangalia maiki yake isije ikaliwa. Nikamwambia, "Niletee nta."

"Nta ya kufanyia nini, kuchonga sanamu ya bwana harusi?"

"Lete, utaona."

Akaleta bonge kama ngumi. Nikaiyeyusha kwenye kopo, nikazungushia karatasi ngumu kwenye shingo ya plagi, nikamimina. Tukasubiri ipoe. Nta haipitishi umeme, mwanangu, na ikipoa inashika umbo la kitu hata kwa mikunjo yake. Nilipovuta, ikatoka soketi nzuri ya rangi ya manjano yenye pini nne zimesimama wima, inanukia asali. Nikaichomeka, nikaichomoa, nikaichomeka. Mzee Gervas akaipokea mkononi akaigeuzageuza. Nilimwona alivyoirudisha kwa mikono miwili, kama mtu anavyorudisha kitu cha altareni.

Saa kumi ilipokaribia mvua ikashuka. Mvua ya kwetu ikipiga bati hakuna anayemsikia mwenzake, tuliongea kwa kupiga kelele. Nikachomeka plagi nene kwenye redio, maiki ya lori kwenye soketi ya nta, nikampa Skola maiki. Nilitaka yeye awe wa kwanza.

"Mpanda, Mpanda, hapa Majimoto," akasema, karibu kabisa na mdomo kama nilivyomwelekeza. Akaachia kitufe. Kimya. Akaita tena. Kimya. Mzee Gervas akajaribu, kimya. Nikazungusha sauti ya redio mpaka mwisho. Hakuna. Taa yake nyekundu ya kuonyesha inatuma ilikuwa imekufa kabla sijarudi, kwa hiyo haikunisaidia.

Masanja akaichukua maiki, akaishika kama wale watangazaji wa mpira, akaanza vituko ili bibi harusi asilie.

"Padri wa Mpanda, hapa ni Masanja wa asali. Nasikia unaogopa matope. Mimi jana nimepita na lori zima, nimeacha barabara kubwa pale inapomezwa na mto, nikafuata njia ya ng'ombe wa ndugu zangu, inapita juu kwenye changarawe, imekauka kama kisogo cha mzee. Wewe na Landrova yako unaogopa nini? Au pombe ya huku imekushinda? Nimeionja. Ukichelewa utakuta tumebakiza machicha."

"Masanja, acha," Skola akasema, lakini alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja. Akaichukua maiki akaikumbatia kifuani bila kuiangalia. "Kaka, mimi sitalaumu mtu. Asipokuja nitamsubiri Deus mpaka Pasaka, na Deus kasema hata ikiwa Pasaka ya mwaka mwingine. Ila mama na pombe yake, sijui nitamwambia nini."

Na Mungu naye alikuwa na mpango wake, maana palepale mvua ikapungua, ikapungua tena, ikakatika. Chumba kikatulia. Na mimi nikasikia kitu ambacho wengine hawakusikia, kwa sababu sikio langu lilishasomeshwa. Nilisikia kwamba hakuna mvumo. Redio iliyo wazi haikai kimya hivyo. Ule mkaango wake wa vitumbua ulikuwa umepotea tangu tulipochomeka, na bati ndilo lililotudanganya. Redio ikinyamaza namna hiyo, mwanangu, maana yake haisikilizi. Inatuma.

Nikaichomoa plagi. Mvumo ukarudi, na juu yake kicheko. Padri alikuwa anacheka mpaka anakohoa.

"Majimoto, nawapata. Nawapata tangu mmeanza. Mvua yenu naipata, na huyo ndugu yangu wa asali nampata. Kama mtaacha kushikilia hicho kitufe nitawajibu."

Hakuna aliyekuwa ameshikilia kitufe. Ni lile tone la risasi ndani ya plagi, lilikuwa limemwagika kidogo likaunganisha waya wa kitufe na jirani yake, redio ikaamini tumebonyeza muda wote. Wengine wangeona aibu. Mimi nilishalifumbua fumbo, na tone lenyewe lilikuwa limefanya kazi kubwa kuliko sisi. Nikalikwangua kwa ncha ya kisu, nikachomeka tena, mvumo ukabaki. Nikabonyeza, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye diploma, "Mpanda, hapa Majimoto, endelea."

"Njia ya ng'ombe nimeielewa," padri akasema. "Jumamosi asubuhi naondoka. Huyo Masanja aahirishe safari, anisubiri pale barabara inapoachana, na awe na kamba. Nikikwama atanivuta, asipokuwepo nitahubiri juu yake. Na bibi harusi amwambie mama yake asichuje pombe mapema."

Skola akakaa chini sakafuni palepale. Mzee Gervas alifanya ishara ya msalaba, halafu akaanza kucheka bila sauti, mabega tu.

Kabla hatujafunga, kituo cha Inyonga kikaingia. Alikuwa sista wa zahanati ya kule. "Majimoto, mwenyekiti wa ushirika wa asali yuko hapa kaja kuchukua dawa, kasikia yote. Anauliza dereva wake anatumia maiki ya nani."

Masanja akageuka rangi. Akanipokonya ile maiki, akaishika kwa vidole viwili kama yai. "Mwenyekiti, ni ya lori. Ni nzima. Haijakatwa hata unywele. Huku kuna fundi kaiwekea kiti chake cha nta."

"Anasema," sista akajibu, "basi abaki harusini. Na huyo fundi akimaliza, aje Inyonga, kuna redio hapa hazielewani."

Jumamosi padri alifika saa za mchana, matope mpaka kwenye nyusi, akivutwa na lori la asali mbele ya watoto wote wa Majimoto wanaokimbia pembeni. Skola na Deus wakafunga ndoa. Masanja alikula sahani ambazo sizitaji. Padri aliinua kikombe cha pombe ya mama, akakionja, akasema machicha yasubiri. Na wakati ngoma imekolea Mzee Gervas alinifuata akaniambia, "Boni, umetuunganisha." Sijapewa cheti kingine kizuri kama hicho, na ninavyo vyeti.

Nikaenda Inyonga. Kutoka hapo wakaniita Karema, wakaniita misheni na ofisi na kambi za watu wa mbali, kila mahali wana redio ya mzungu huyu na maiki ya mzungu yule. Sikukata ya mtu. Niliwatengenezea kiti cha katikati. Leo unaona nyumba yangu ya matofali ya kuchoma hapa Makanyagio, mjini Mpanda, na duka langu la vifaa vya umeme. Imetoka huko. Jiko la mama sikulibomoa, nililiongezea bomba la moshi, akapikia mpaka alipozeeka. Kisima tulikijengea ukingo. Deus hakuacha mpunga. Nilimfungia pampu ndogo, na sasa yeye ndiye ananikopesha mchele.

Sasa mwanangu, nikwambie ninachotaka ukibebe. Umerudi na elimu, na hiyo elimu ni ya kweli, usiionee haya, usiifiche. Itamke. Mimi nimeitamka yangu maisha yangu yote na haijapungua. Lakini utakuta hapa watu wenye matundu manane na wewe una manne. Utakuta baba yako anasema hivi na wewe ulifundishwa vile. Usiharakishe kusema mmoja wenu akatwe. Kaa chini, chukua mita yako, uliza polepole huyu anabeba nini na yule anabeba nini, mpaka ujue sauti iko wapi na kitufe kiko wapi. Halafu tengeneza kitu cha kukaa katikati, kwa vitu vilivyopo, hata kama ni spoku, hata kama ni nta. Kazi hiyo ni ngumu kuliko kukata, ndiyo maana inahitaji msomi. Kukata hata asiyesoma anaweza. Na kila kitu ulichoazima kwa mtu, akili yake, jembe lake, heshima yake, kimrudie kizima, ili ukiondoka yeye aendelee kusema.

Na ukiona kimya, usidhani hakuna anayekusikia. Huenda wanakusikia wote, kwa hiyo sema vizuri.

Nenda sasa, jua bado lipo. Mungu akupe jicho la kuona kilicho kizima ndani ya kilichoharibika. Akupe mkono usiotetemeka na moyo usiokasirikia swali. Akupe mzee wa kuuweka mkono wake juu ya wako, na akili ya kutulia anapouweka. Popote utakapoita, mwanangu, uitikiwe, na popote utakapoitwa, sauti yako ifike.